Kuchuja Maji ya Kisima Kabla ya Kujaza Pipa la Kuogea

Mkulima wa skimu aliyechimba kisima katika shamba lake amefanya kazi ya kusifiwa. Mkewe na watoto hawaendi tena mtoni na debe kichwani, na ng'ombe wake hawapotezi nguvu njiani. Lakini kisima ni mwanzo wa kazi, si mwisho wake. Wakulima wafikao katika ofisi yetu huuliza juu ya mbegu na mbolea, na wengi huuliza juu ya maji pia. Husema: "Maji ya kisima changu yana tope. Tukiyapasha moto ili tuoge, tope hubaki chini ya pipa, na watoto huwashwa na macho. Tufanyeje?"

Somo la mwezi huu ni jibu la swali hilo. Lisome polepole, na ikiwa nyumbani kuna mtoto wa shule, mwambie alisome kwa sauti ili wote wasikie, maana kazi hii si ya mtu mmoja.

Kabla hatujaanza, shika neno moja: maji meupe si lazima yawe maji safi. Kuondoa tope ni kazi moja, na kuua vijidudu ni kazi nyingine. Kazi ya kwanza hutangulia ya pili. Atakayezichanganya atapoteza kuni zake, fedha zake za dawa, na pengine afya ya mtoto wake.

KWA NINI TUSHUGHULIKE NA MAJI YA KUOGA?

Nyumba nyingi za zamani huko Muhoroni, Koru na Songhor zilijengwa na Wazungu kabla ya mashamba yao kununuliwa na kugawanywa katika miaka ya 1960. Ndani ziliwekwa hodhi la kuogea, na nje pipa la chuma lililojengewa matofali, lenye mahali pa kuwashia kuni chini yake. Wakulima wengine wamejenga mapipa ya namna hiyo wenyewe. Wengi wetu bado tunatumia sufuria juu ya mafiga na karai la kuogea. Njia zote ni sawa, na shida ya maji yenye tope ni moja katika zote.

Huenda ukasema, "Maji ya kuoga hayanywewi, basi tope lina neno gani?" Ziko sababu nne za kulijali.

Kwanza, tope hula kuni. Hushuka chini ya pipa na kuganda kama ukoko wa ugali. Moto hauwezi kufika kwenye maji mpaka uupite ukoko huo, na bomba la kutolea maji huziba.

Pili, mtoto aogaye humeza maji. Mtazame mtoto wa miaka miwili katika karai: hucheza, hunywa, huingiza maji machoni na masikioni. Na mtu mzima aliyetoka kukata miwa ana michubuko mikononi na miguuni. Maji machafu huingia katika njia hizo zote.

Tatu, maji ya pipa lile lile hutumiwa kusukutua kinywa, kuosha vyombo, na kumwogesha mama aliyejifungua pamoja na mtoto mchanga.

Nne, dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi vizuri katika tope. Klorini hushikwa na uchafu ikaisha nguvu kabla ya kuvifikia vijidudu. Mtu atiaye dawa katika maji ya tope ni kama apandaye mbegu njema katika magugu.

JUA MAJI YAKO KWANZA

Mwalimu hampi mwanafunzi hesabu ya mwaka wa tano kabla ya kujua kama anajua kujumlisha. Vivyo hivyo, usitengeneze chujio kabla ya kujua maji yako yana kitu gani.

Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya lita 2. Ijaze maji ya kisima, kisha isimamishe juu ya gazeti hili, mahali penye kichwa cha habari cha herufi kubwa. Chungulia kutoka juu, kupitia mdomo wa chupa. Ukiweza kusoma herufi zilizo chini, tope si jingi. Usipoweza, maji yako lazima yatuame na kuchujwa kabla ya jambo lolote jingine. Halafu iache chupa hiyo mpaka asubuhi uitazame tena.

Ukiona tope limeshuka chini na maji ya juu yamekuwa meupe, kutuamisha tu kutakusaidia sana.

Ukiona maji yalitoka kisimani meupe, kisha yakageuka rangi ya kutu baada ya kukaa, yana chuma. Maji hayo hutia nguo nyeupe madoa mekundu. Dawa yake ni hewa: yamimine kutoka ndoo moja hadi nyingine mara nyingi, au yapitishe katika karai lenye matundu yadondoke kama mvua, kisha yatuame usiku mmoja. Kutu itashuka, na iliyobaki itashikwa na mchanga wa chujio.

Ukiona sabuni haitoi povu na sufuria ya chai inafanya ukoko mweupe, maji yako ni magumu, yana chokaa. Ukionja chumvi, ndiyo ilivyo. Chujio la mchanga haliondoi chumvi. Wala haliondoi floridi, ambayo huyapa meno ya watoto madoa ya kahawia, na ikizidi sana huharibu mifupa. Maji yenye floridi nyingi yamepimwa katika Bonde la Ufa, na hapa kwetu katika sehemu za Bondo na Rarieda. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki. Kwa hiyo mwenye kisima kirefu katika sehemu kama hizo apeleke maji yake yapimwe katika maabara, naye atumie maji ya mvua kwa kunywa. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1. Bati la mita 6 kwa 8, mvua ikiwa milimita 10, litatoa karibu lita 480, ukiacha zinazomwagika.

Lakini adui mkubwa haonekani katika chupa. Vijidudu vya kinyesi havina rangi wala harufu. Maji yanaweza kung'aa kama kioo, nayo yakaleta kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu.

MAHALI KISIMA KILIPO

Nchi ya Kano ni tambarare yenye udongo mweusi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Maji ya juu hupita haraka katika nyufa hizo pamoja na uchafu wake. Na Mto Nyando ufurikapo, maji yale yale hupita juu ya vyoo na juu ya visima. Mjini Kisumu, katika mitaa ya Manyatta na Nyalenda, visima vifupi na vyoo vya shimo vimekaribiana sana. Wataalamu waliopima maji ya visima hivyo walikuta vijidudu vya kinyesi. Wenyeji wengi wa huko hununua maji ya bomba kwa kunywa, na ya kisima huyatumia kwa kufua na kuoga. Hiyo ni busara, maana kila maji yana kazi yake.

Wewe uliye na shamba una nafasi ambayo mtu wa mjini hana. Kisima kiwe mbali na choo na zizi, mita 30 au zaidi, na kiwe upande wa juu, si upande wa bonde. Kijengewe ukuta wa saruji mdomoni, kiwe na mfuniko, na sakafu inayopeleka maji yaliyomwagika mbali. Kiwe na kamba moja na ndoo moja isiyowekwa chini kamwe. Chujio haliwezi kuwa msamaha wa kisima kibaya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MCHANGA ULIVYOOKOA MJI

Huenda ukastaajabu kwamba mchanga, kitu cha bure mtoni, waweza kusafisha maji. Basi soma habari hii.

Mwaka 1829, mhandisi James Simpson alimaliza kujenga huko London chujio kubwa la mchanga kwa maji ya Mto Thames. Lilipita maji polepole sana, na miji mingi ya Ulaya ikaiga. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, mji mkubwa wa bandari nchini Ujerumani. Mji huo ulivuta maji ya Mto Elbe na kuyagawa bila kuyachuja. Jirani yake kulikuwa na mji wa Altona, na mahali pengine mpaka kati yao ulikuwa barabara tu. Altona ilivuta maji ya mto huo huo, tena upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia mtoni. Lakini Altona iliyachuja kwa mchanga.

Katika Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000. Katika Altona vifo vilikuwa vichache sana. Daktari Robert Koch, aliyekuwa amekichunguza kijidudu cha kipindupindu, alionyesha kwamba hewa ilikuwa moja, udongo ulikuwa mmoja, na mto ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa mchanga.

Mchanga hufanya kazi hiyo kwa njia mbili. Kwanza hushika tope kama chekecheke. Pili, na hili ndilo kubwa, juu ya mchanga hujengeka utando mwembamba wenye viumbe vidogo visivyodhuru mtu, ambavyo hula vijidudu vya maradhi. Utando huo ni kitu hai. Unahitaji maji, hewa na chakula kila siku, kama kuku wako.

Katika miaka ya 1990, Dakta David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alitengeneza namna ndogo ya chujio hilo ifaayo nyumba moja, isiyohitaji maji kupita mchana na usiku. Chujio tutakalolieleza hapa chini hufuata kanuni hiyo.

NAMNA YA KUTENGENEZA CHUJIO LA PIPA

Vitu vinavyohitajiwa: pipa la plastiki la lita 200, lenye mfuniko, bomba la plastiki na viungo vyake, mchanga, kokoto ndogo na kokoto kubwa kidogo, na karai la plastiki litakalotobolewa.

Angalia sana pipa lilikotoka. Pipa lililowahi kutiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe au dawa ya magugu ya miwa halifai hata likioshwa mara kumi. Tumia lililokuwa na chakula, kama vile mafuta ya kupikia.

1. Toboa pipa karibu na sakafu yake. Ndani, weka bomba lenye matundu madogo likilala chini. Nje, bomba lipande juu wima, kisha lipinde na kutazama chini, mahali pa kuwekea ndoo. Mdomo huo wa nje uwe sentimita 65 kutoka sakafu ya pipa. Usitie mfereji wa kufunga hapo. Bomba likiwa wazi, maji yatasimama yenyewe kwa kimo kinachofaa.

2. Chekecha mchanga katika wavu wa dirisha wa kuzuia mbu, na utumie unaopita. Mchanga wa mawe yaliyosagwa ni bora kuliko wa mtoni, kwa maana mtoni hupita watu na ng'ombe. Ukiwa na wa mtoni tu, uoshe na uuanike juani siku kadhaa, mbali na kuku. Mchanga uoshwe mpaka maji yake yabaki na ukungu kidogo tu. Kokoto zioshwe mpaka maji yawe meupe kabisa.

3. Tia maji kidogo ndani ya pipa. Tandaza kokoto za ukubwa wa punje ya hindi kimo cha sentimita 5. Juu yake tandaza kokoto ndogo, kama punje za mtama, sentimita 5 nyingine. Kisha mwaga mchanga taratibu ndani ya maji, ili hewa isibaki katikati, mpaka ufike kimo cha sentimita 50. Sasa jumla ni sentimita 60, na mdomo wa bomba uko sentimita 5 juu ya mchanga. Sentimita hizo 5 za maji ndizo zitakazoulinda utando usikauke. Yakizidi sana, hewa haifiki chini. Yakipungua, utando hufa.

4. Weka karai lililotobolewa matundu madogo juu, lisiguse maji, ili maji yamwagwayo yadondoke bila kuchimba mchanga. Funika.

5. Pima mwendo. Mimina madebe mawili, uhesabu dakika ambazo debe moja la lita 20 hujaa kwenye mdomo wa kutokea. Lisijae chini ya dakika 15. Likijaa upesi kuliko hivyo, mchanga wako ni mnene mno, chekecha upya. Mwendo wa polepole ndio unaosafisha.

Usimimine zaidi ya madebe mawili kwa mara moja. Baada ya hapo, acha chujio lipumzike saa moja au zaidi kabla ya kumimina tena. Madebe mawili asubuhi, mawili mchana na mawili jioni ni lita 120, yaani ya kutosha familia kuoga.

KULITUNZA CHUJIO

Utando hauji siku moja. Huchukua hata siku 30 kukomaa. Katika siku hizo maji yanafaa kwa kufua, na kwa kuoga baada ya kupashwa moto vizuri, lakini usiyahesabu kuwa salama kwa kunywa.

Mimina maji kila siku. Usiliache chujio zaidi ya siku mbili bila maji. Usitie klorini ndani ya chujio, kwa kuwa itaua viumbe vile vinavyokufanyia kazi. Dawa hutiwa baadaye, katika chombo cha kuwekea. Usibadilishe maji leo ya kisima, kesho ya mtoni. Na maji yenye tope jingi yatuame kwanza usiku kucha katika pipa jingine, kisha umimine yale ya juu tu.

Tope likikataa kushuka, mbegu za mlonge zaweza kusaidia. Toa maganda ya mbegu zilizokauka, twanga za ndani, changanya unga huo na maji kidogo, mimina katika ndoo, koroga upesi kisha polepole, uache tope lishikane na kushuka. Wanawake wa Sudan wametumia njia hiyo kwa maji ya Mto Naili tangu zamani. Maji hayo yasikae siku nyingi, kwani mabaki ya mbegu huyaharibu.

Chujio likianza kupita polepole mno, usilimwage. Zungusha kiganja chako katika maji yaliyo juu ya mchanga, ukigusa mchanga wa juu tu, kisha chota maji yaliyochafuka. Rudia mara kadhaa. Utando utapona baada ya siku chache.

PIPA LA MOTO

Maji yaliyochujwa sasa yatiwe katika pipa la moto. Fuata mambo manne.

La kwanza, pipa lisizibwe kabisa. Mvuke uwe na tundu la kutokea, la sivyo pipa litapasuka na kuua mtu.

La pili, pasha maji mpaka yawe moto sana, mkono usiweze kuyastahimili, halafu uyapoze kwa maji baridi yaliyochujwa. Usiyapashe vuguvugu tu ukadhani umeokoa kuni. Maji ya vuguvugu ni shamba zuri la vijidudu. Mwaka 1976, katika mji wa Philadelphia, Marekani, watu waliokutana katika hoteli moja walishikwa na homa kali ya mapafu, na wengi wakafa. Kijidudu kilichopatikana baadaye hustawi katika maji ya joto la wastani, naye mtu hukivuta pamoja na matone madogo yaliyomo hewani. Hufa maji yapitapo nyuzi 60. Ndiyo sababu nchi za mbali, watu wakaapo wengi katika hodhi moja la maji moto, huamriwa kuyachuja na kuyatia dawa kila siku. Sisi tuna njia rahisi zaidi: maji yaliyobaki ya jana mwagia mboga, na pipa liooshwe ndani kila juma.

La tatu, maji aliyoogea mtu mmoja asiogee mwingine, hasa mtoto mwenye macho mekundu au vipele.

La nne, katika karai la mtoto tia maji baridi kwanza, ndipo utie ya moto, na upime kwa kiwiko cha mkono. Mtoto huungua upesi kuliko mtu mzima.

MAJI YA ZIWA NA YA MIFEREJI

Wako wasomaji wetu wa karibu na ziwa, pande za Dunga, Usoma na Asembo, na wale wa mifereji ya mpunga ya Ahero, ambao kisima kikikauka huoga maji ya nje. Hao wana hatari nyingine, nayo ni kichocho. Mayai ya mnyoo huu hutoka katika mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa na kuingia ndani ya konokono. Konokono hutoa wadudu wadogo sana wenye mkia, ambao hupenya ngozi ya mtu aingiaye majini. Mtu hahitaji kunywa; kuoga tu kwatosha.

Lakini wadudu hao wana udhaifu. Wasipompata mtu, hufa katika muda wa siku mbili. Basi chota maji, hakikisha hayana konokono, yafunike katika pipa kwa siku mbili kamili ndipo uoge. Ukiwa na haraka, yapashe moto mpaka yachemke kisha uyapoze. Pipa la moto, kumbe, ni dawa ya kichocho pia.

MAJI YA KUNYWA

Hapa ndipo kazi ya pili inapokuja. Maji ya kunywa, baada ya kuchujwa, lazima yauawe vijidudu. Yachemshe mpaka yatokote kwa mapovu makubwa dakika moja, au yatie klorini iuzwayo kwa maji ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa, na ungoje dakika 30.

Kwamba jambo hili lina maana katika nchi yetu, lilionyeshwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliofanywa vijijini magharibi mwa Kenya ambako maji huwa na tope. Maboma 605 yalishiriki. Mengine yalipewa klorini, mengine unga unaoshusha tope na kuua vijidudu kwa pamoja, na mengine yaliendelea na desturi yao. Watoto wa chini ya miaka 2 katika maboma yaliyotumia unga ule waliharisha mara chache kuliko wale wa maboma yasiyopewa kitu.

Tena usisahau safari ya maji kutoka kisimani hadi kikombeni. Katika pande za Busia, chemchemi zilipojengewa vizuri, uchafu wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66 pale chemchemini. Lakini katika maji yaliyokuwa nyumbani ulipungua kwa asilimia 24 tu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2011. Tofauti hiyo ililetwa na ndoo, mikono na vikombe. Kwa hiyo weka maji ya kunywa katika chombo chenye mdomo mwembamba, mfuniko, na bomba dogo la kutolea. Huko Homa Bay wafinyanzi walitengeneza mitungi ya udongo ya namna hiyo, na utafiti wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba maji yaliyotiwa klorini humo yalikuwa salama zaidi. Maji yakawa baridi kama wazee wapendavyo, na hakuna aliyetumbukiza kikombe.

Asiyeweza kutengeneza chujio mwezi huu asikae bure. Akunje leso kuukuu mara nne achujie maji. Huko Bangladesh, wanawake waliokunja nguo zao za zamani hivyo walipunguza kipindupindu karibu nusu, kwa sababu vijidudu vyake hung'ang'ania viumbe vidogo vya majini, navyo hunaswa na kitambaa. Nguo kuukuu hushinda mpya, maana nyuzi zake zimelegea na kujaza nafasi. Leso haitoshi kwa maji ya kunywa, lakini ni hatua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini dawa haitiwi katika maji yenye tope?
2. Mdomo wa bomba la chujio uwe sentimita ngapi juu ya mchanga, na kwa nini?
3. Debe moja lisijae chini ya dakika ngapi?
4. Ni vitu gani viwili ambavyo mchanga hauwezi kuviondoa?
5. Maji ya ziwa yakae siku ngapi kabla ya kuogewa?
6. Pima kwa hatua kutoka kisima chako hadi choo cha karibu, chako au cha jirani. Ni mita ngapi?

Majibu ya maswali matano ya kwanza yamo katika somo hili. Jibu la sita liko shambani kwako. Likiwa chini ya mita 30, zungumza na jirani yako kabla ya mvua za masika, kisha mwende pamoja kwa afisa wa afya.